Chungu cha Mafuta na Jina Nililoliosha

Kigae kikifika mkononi mwako, usikimbilie maji. Kigeuze. Kitazame nje, ndani na kwenye kingo, kisha ulowanishe pembe moja tu, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na ungoje. Ukiona rangi imetembea hata kidogo, kiweke chini, ukamwite mkubwa wako. Hayo ndiyo maarifa yangu ya miaka yote niliyoosha na kuunga vyungu vya kale, na ningeweza kuishia hapa nikaenda kupika. Lakini nawajua vijana. Hamshiki neno lisilo na kisa. Kwa hiyo kaeni.

Stoo yetu ilikuwa banda refu lenye meza tatu, karai za kuoshea, na rafu mpaka juu darini. Vitu vilivyochimbwa na wataalamu vililetwa humo kwa magunia na makasha. Msidhani chungu cha kale kinatoka ardhini kikiwa chungu. Kinatoka kikiwa vigae, na mara nyingine vyungu vitatu vimechanganyika katika mfuko mmoja kama nguo za watoto wa nyumba moja. Kazi yetu ilikuwa kuviosha, kuviandika namba kwa wino, kuvipanga mezani na kuviunga kwa gundi mpaka chungu kisimame tena.

Aliyenifundisha ni Mzee Wekesa. Alikuwa Mluhya wa Bungoma, mama yake alikuwa mfinyanzi, na yeye mwenyewe alipanga chumba Kianda, upande wa magharibi wa Kibera. Siku yangu ya kwanza mezani alichukua kipande cheupe kutoka kwenye trei, akakigusa kwa ulimi.

"Mzee, unakula uchafu?"

"Napima. Hii ikinishika ulimi, ni mfupa. Ikiteleza, ni jiwe. Sasa wewe onja hii."

Nikaonja. Hakikushika.

"Nini?"

"Jiwe."

"Hapana. Hiyo ni kipande ya sabuni yangu ya kunawa. Ilikauka." Akacheka mpaka akatoa machozi. Mdomo wangu ulitoa povu mpaka saa ya chai.

Ndivyo alivyofundisha. Chungu changu cha kwanza niliunga kwa furaha, kutoka mdomoni nikishuka, wiki nzima. Kilipobaki kigae kimoja, hakikuingia. Nilikigeuza, nikakisukuma, nikakisugua ukingo kwa msasa, jambo ambalo ukilifanya leo mbele yangu nitakufukuza mezani. Mzee Wekesa alikuwa akinitazama tu kwa miwani yake iliyofungwa uzi.

"Umefunga mlango na mwenye nyumba ako nje," akasema.

Maana yake, ukikosea kiungo cha kwanza kwa unene wa unywele, kosa linatembea pamoja nawe kiungo kwa kiungo, na linajionyesha kwa kile cha mwisho. Dawa ni kubomoa chote na kuanza upya. Nilibomoa. Nilipanga vigae vyote kwenye karai la mchanga bila gundi, nikahakikisha kila kimoja kina jirani yake, ndipo nikagusa gundi. Siku hizi mna gundi inayoyeyuka kwa dawa mkitaka kubomoa, na mnavaa glavu. Sisi tulianza na uji wa unga wa ngano, na panya wa stoo waliupenda sana. Kuna mtungi mmoja uliwahi kuanguka vipande mara tatu kwa sababu ya panya, na Mzee Wekesa akapendekeza tuuandike kwenye daftari kuwa ni chakula.

Mimi sikuingia stoo kama fundi. Niliingia kufagia. Baba alifariki kwanza, na mama akamfuata kabla ya miaka miwili kwisha, nikiwa darasa la sita. Nyuma yangu walikuwa watatu: Kioko, Ndinda na Mwende, na Mwende alikuwa hajaota tena meno ya mbele. Tulikaa chumba kimoja Kawangware, kwenye ploti ya mama mmoja Mkikuyu aliyekuwa akituwekea maziwa yaliyobaki. Saa ya mapumziko nilikuwa nakaa nje ya banda nikisuka kiondo, kama mama alivyonifunza. Mama hakuwa na maneno mengi. Alikuonyesha nakshi ya kiondo mara moja, akaificha, akakwambia uisuke. Mzee Wekesa aliniona, akaenda kwa wakubwa akawaambia, "Huyu msichana anashika kitu kwa macho. Mnampa fagio ya nini?"

Basi nikapewa meza. Na meza hiyo ndiyo iliyotuweka pamoja sisi wanne.

Naomba mlielewe jambo hili, maana bila hilo kisa changu hakina uzito. Shangazi Kalunde, dada ya baba, alikuwa Kitui. Hakuwa mtu mbaya. Baada ya mazishi ya mama alisema kwamba msichana wa umri wangu hawezi kulea watoto Nairobi, na kwamba Kioko aende kwa mjomba akachunge mbuzi, Ndinda apelekwe kwa watu akalee mtoto, na Mwende yeye mwenyewe atamchukua. Nilimwomba aniache nijaribu. Akakubali kwa sharti moja: siku nitakapokosa kazi, atakuja kuwachukua. Kila shule zilipofungwa aliniandikia kuuliza kama bado nina kazi. Hakuuliza mengine.

Sasa chungu chenyewe. Kilikuja kutoka Pwani, kwenye magofu ya mji wa zamani uliofunikwa na mchanga na msitu. Aliyekichimba tulimwita Daktari tu, mtu wa visiwa vya kaskazini huko Pwani, mpole, anayesema "tafadhali" hata akikukemea. Alikileta katika mfuko wake pekee, akatuonyesha kigae kimoja cha begani. Kulikuwa na maandishi ya Kiarabu yaliyokwaruzwa kwa kitu kama msumari.

"Hapa pameandikwa 'mafuta ya'," akasema. "Mafuta ya nani, ndiyo hatujui. Pengine kigae kingine kina jina. Tafuteni mikwaruzo. Nitarudi Jumatatu."

Akaenda zake Pwani tena. Kutwa nzima Mzee Wekesa nami tulivitazama vigae vile kwa lenzi, vikiwa vikavu, tukitafuta mikwaruzo. Hatukuuona hata mmoja. Vilikuwa na ngozi ya udongo mweupe, mgumu, kama ukoko wa ugali.

Ijumaa nikapata barua ya Shangazi. Safari hii hakuuliza chochote. Alisema anakuja mwenyewe Jumamosi. Nilitaka kuondoka mapema nikafue blanketi, nikaazime godoro kwa jirani, nikamnyoe Kioko kichwa. Mzee Wekesa alikuwa ametoka kwenda kutafuta plasta. Nikajaza karai maji ya uvuguvugu, nikamwaga humo vigae vya tumbo vya chungu kile, vyote kwa pamoja, nikachukua mswaki.

Sikupima pembe. Nilijiambia kwamba maandishi ya chungu hiki ni ya kukwaruza, na mkwaruzo hauoshwi na maji. Nilikuwa na hakika kabisa. Jihadharini na hakika ya namna hiyo.

Kigae cha tatu kilikuwa kikubwa kama kiganja. Nikakisugua mara moja, ukoko ukatoka. Chini yake kukatokea maandishi meusi, yanang'aa kwa maji, mazuri, ya kalamu na wino wala si ya msumari. Nilifurahi! Mkono wangu ulikuwa bado unakwenda, vijana, mkono haukupata habari kwamba macho yamefurahi. Mswaki ukapita mara ya pili, na ya tatu. Maji yakawa ya kijivu. Nilipokiinua kigae, katikati palikuwa peupe. Mkia mmoja mweusi ulibaki ukingoni, na huo nao ukanitiririkia kwenye kifundo cha mkono.

Sijui nilisimama muda gani. Najua nilichofanya baadaye. Nilichana kipande cha mfuko wa sukari, nikachukua penseli, nikachora nilichokiona, kama ninavyoshika nakshi ya kiondo. Mwanzo niliuona vizuri: kichwa cha mviringo. Mwisho pia: mviringo mwingine wenye mkia unaoshuka. Katikati nilichora mawimbi, mengine yaliinuka, mengine yalilala, na hata nikichora nilijua nabahatisha.

Mzee Wekesa akarudi na plasta. Alitazama maji, akanitazama mimi.

"Hiyo maji ni ya nini?"

"Jina," nikasema. "Mzee, nimeosha jina."

Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alitia kidole ndani ya karai akakitazama. Kisha akavua miwani.

"Ulipima kona?"

"Hapana."

"Daktari anakuja Jumatatu. Mimi siwezi kumwambia maji iliingia yenyewe."

"Najua, Mzee."

"Watakufuta, Mutindi."

"Najua."

Akachukua karatasi yangu ya sukari, akaigeuza juu chini, akairudisha ilivyokuwa. "Hii mimi siwezi kusoma hata wakinichapa," akasema. "Lakini pale Makina, kwetu Kibera, kuna mama Mnubi anafundisha watoto Kurani chuoni. Enda kesho asubuhi. Angalau Jumatatu ukifukuzwa, ufukuzwe ukijua umeosha nini."

Mama huyo, Mama Halima, nilimjua. Wanawake wa Kinubi wa Kibera husuka kawa za rangi za kufunikia chakula, na mara kwa mara tulibadilishana nyuzi na rangi. Jumamosi asubuhi nilimkuta uani kwake, miguu ameinyoosha juu ya mkeka, anasuka na huku anamsahihisha msichana aliyekuwa akisoma ndani ya nyumba. Alikuwa akisahihisha kwa kupaza sauti ipite ukutani.

"Karibu, binti wa Kitui. Leo umeniletea rangi nyekundu?"

"Leo nimekuletea kosa, Mama."

Nikamweleza. Aliishika karatasi kwa mkono ulionyooka, mbali na macho, kama wafanyavyo wazee.

"Hii ni herufi mim," akasema, akigusa mwanzo. "Hii ya mwisho pia mim. Umezishika vizuri, mashallah. Sasa hapa katikati..." Akaanza kucheka, tumbo likatikisika. "Hapa katikati umesuka kikapu! Hii si herufi, hii ni mdomo wa kiondo!"

"Ndivyo nilivyoona."

"Ndivyo ulivyoogopa." Akanipigapiga goti. "Usilie. Jina linaanza na m, linaisha na m. Mwenye mafuta. Mafuta ni kitu cha jikoni. Ni Mariamu huyu. Niletee kalamu nikujazie. Ni herufi mbili tu."

"Lakini yaweza kuwa jina lingine?"

"Yaweza. Muslimu. Majina yako mengi. Lakini Mariamu ni zuri."

"Na kama si yeye?"

"Nani atajua? Mwenyewe alikufa zamani, hana wa kuja kulalamika. Huyo bosi wako anataka jina, mpe jina. Wewe una watoto watatu."

Alikuwa akinipenda, ndiyo sababu alisema hivyo. Akaandika kwenye karatasi nyingine, safi, kwa mkono mzuri ajabu: Mariamu. Lilikaa kama lililotoka kwenye chungu chenyewe. Nilirudi Kawangware nikipitia Barabara ya Ngong na karatasi mbili mfukoni, moja yenye jina, moja yenye kikapu, na njia nzima nilikuwa nikizipapasa.

Shangazi alifika jioni na gunia tupu amelikunja kwapani. Sikuuliza ni la nini; nguo za watoto watatu zingeingia humo. Watoto walimsalimu vizuri, Ndinda akamletea maji ya kunawa, Kioko kichwa kinang'aa. Akaketi kitandani.

"Bado una kazi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa bado ninayo.

"Sijui, Shangazi. Nitajua Jumatatu."

Nikamwambia yote, watoto wakisikia. Alinisikiliza bila kukohoa. Mwishoni akasema, "Basi nangoja Jumatatu." Jumapili alikwenda nasi kanisani, akala tulichokula, akashona magoti ya kaptura ya Kioko. Lakini gunia lilikaa pale pale mlangoni, na Mwende alikuwa akiliruka kila akipita, kana kwamba lingemshika mguu.

Jumatatu alfajiri nilikuwa nikiwasha jiko nipike uji. Makaa yalikuwa na unyevu, hayakushika. Nikatoa karatasi ya Mama Halima, ile safi. Nikaitazama mara nyingine. Ningemwambia Daktari kwamba hivi ndivyo nilivyoona, na pengine angefurahi, na pengine wangenibakisha kazini. Na kila atakayekuja kukitazama chungu kile angesoma jina la mtu niliyembuni kwa sababu nilikuwa na haraka ya kufua blanketi. Nikaitia chini ya makaa.

"Unachoma barua ya nani?" Shangazi akauliza nyuma yangu.

"Ya mtu ambaye sikumwona."

Akasema atanisindikiza mpaka kazini. Tulipofika, akaketi nje ya geti, gunia mapajani.

Daktari alikuwa tayari mezani, na vigae vimepangwa mbele yake. Mzee Wekesa alisimama pembeni. Nilisema kabla sijaulizwa. Nilimwambia kwamba kulikuwa na jina la wino, kwamba sikupima pembe, kwamba nililisugua mara tatu. Nikaweka karatasi ya sukari mezani.

Akaikodolea macho. "Mwanzo na mwisho, uliviona kweli?"

"Kweli."

"Na hapa kati?"

"Hapo sikuona. Nilichora kwa hofu. Nimeambiwa laweza kuwa Mariamu, laweza kuwa Muslimu. Mimi siwezi kusema."

Alikishika kile kigae, akakielekeza dirishani akitafuta chochote kilichosalia, akakirudisha chini taratibu. Nikaona machoni mwake kwamba alikuwa na huzuni ya kweli, na hilo liliniuma kuliko hasira yoyote ambayo nimewahi kuiona.

"Tafadhali lete daftari la siku," akasema. "Andika mwenyewe. Ulichofanya, ulichoona, usichokiona. Utie jina lako."

Niliandika. Mwandiko wa darasa la sita, mistari inapanda mlima. Karatasi ya sukari ikabandikwa ukurasa ule ule.

"Mzee Wekesa," Daktari akasema, "nani ataosha vigae vilivyobaki?"

"Mimi mwenyewe, kama huyu anaenda."

"Macho yako hayaoni hata sahani ya chakula chako, Mzee. Nani mwingine?"

"Hakuna mwingine."

Daktari akafunga daftari. "Basi ataosha huyu huyu. Katika stoo hii nzima sasa hakuna mtu anayeyaogopa maji kama yeye."

Nikashika meza kwa mikono miwili. Mzee Wekesa akanong'ona, "Usishike hapo, utaangusha chungu, ndipo watufute sote wawili."

Nilitoka mbio kwenda getini. Shangazi aliniona uso, akasimama.

"Wamekufuta?"

"Wamenibakisha, Shangazi."

Hakusema sifa kwa Mungu wala pole. Alisema, "Nataka kukiona hicho kitu." Mzee Wekesa akamwingiza kwa mlango wa nyuma, jambo ambalo halikuruhusiwa, na nawasihi msilifanye. Akasimama mbele ya meza, akavitazama vigae vilivyotawanyika, vyenye chumvi na madoa, nusu ya mdomo haipo.

"Ni hiki?"

"Ndicho."

"Hiki kibovu? Hata mbwa hatumpi maji kwa kitu kama hiki." Akanigeukia. "Na ungeweza kudanganya?"

"Ningeweza. Jina nilikuwa nalo mfukoni."

Akakitazama tena chungu, sasa kwa muda mrefu zaidi, akiwa ameinamisha kichwa upande kama mtu anayepima kitambaa. Akanyoosha kidole kugusa kile kigae cheupe.

"Mama, usiguse hapo!" Mzee Wekesa na mimi tulipiga kelele kwa pamoja.

Akaurudisha mkono. Nadhani alitabasamu, ingawa kwake ilikuwa vigumu kujua. Akalikunjua gunia, akalikung'uta vumbi nje ya mlango, akanipa.

"Utatilia makaa," akasema. "Yenu yanalala nje yanalowa, ndiyo maana jiko halishiki."

Kisha akaniuliza njia ya kwenda kwenye mabasi ya Kitui, akajifunga vizuri leso kiunoni, akaenda zake peke yake.